MAARIFA YA NYUMBANI: Spika Kubwa au Spika Ndogo?

Mtu atokaye Tom Mboya Street kuelekea River Road, akipita Luthuli Avenue jijini Nairobi, hana haja ya kuuliza maduka ya spika yako wapi. Masikio yake yatamwonyesha. Barabara hiyo ilitengenezwa upya mwaka 2019 na waendao kwa miguu wakapewa nafasi zaidi, nayo imejaa maduka ya redio, televisheni na vyombo vya muziki. Spika zimepangwa milangoni moja juu ya nyingine kama magunia ya mahindi. Nyingine zafikia kifua cha mtu mzima; nyingine hazizidi jiwe moja la kujengea. Mwisho wa mwezi, makarani na wafanyakazi husimama mbele yake wakijiuliza swali moja: je, ninunue kubwa au ndogo?

Wako wasemao kwamba spika ndogo ni ya kusikilizia habari tu, na kwamba mtu apendaye muziki hana budi kununua kubwa. Wako na wengine wasemao kwamba ukubwa ni wa zamani, na kwamba mafundi wa siku hizi wameweza kuitia sauti yote katika kasha dogo. Kila upande una ukweli wake, na kila upande umesahau jambo moja. Swali hili si la upuuzi, maana fedha itolewayo huenda ikawa akiba ya miezi mingi, au malipo ya maziwa ya msimu mzima. Tena, ikitumiwa vibaya, humnyima mwenyewe raha aliyoitafuta na kumnyima jirani usingizi.

SAUTI NZITO HUTAKA HEWA NYINGI

Yafaa kwanza ifahamike jinsi spika ifanyavyo kazi. Ndani yake kuna kiwambo cha karatasi au cha plastiki, mfano wa ngozi ya ngoma, ambacho husukumwa mbele na nyuma na waya uliozungushwa karibu na sumaku. Mtindo huu ulielezwa mwaka 1925 na Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric huko Marekani, na mpaka leo ndio utumikao katika spika nyingi mno. Kiwambo kikisukuma hewa, hewa hutetemeka, na mtetemo huo ukifika sikioni ndio uitwao sauti.

Sauti nyembamba hutetemeka mara nyingi kwa sekunde, na sauti nzito mara chache. Uzi mnene wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutetemeka mara 41 kwa sekunde. Sauti ya mwanamume asemaye huanzia karibu na mitetemo 85. Basi hapa ndipo penye mzizi wa mambo. Sauti ikishuka hata mitetemo yake ikawa nusu, nasi ikitakiwa isikike kwa nguvu ile ile, kiwambo hakina budi kwenda mbele na nyuma mara nne zaidi. Kiwambo kidogo hufika mwisho wa mwendo wake upesi, kikaanza kukwaruza. Kiwambo cha inchi 12 kina eneo karibu mara sita ya kile cha inchi 5. Kwa hiyo husukuma hewa ile ile kwa mwendo mfupi, pasipo taabu.

Ndiyo sababu redio ndogo iliweza tangu zamani kuleta habari vizuri lakini si dansi. Mwaka 1949 kampuni ya Ever Ready ilitengeneza redio ya betri kwa ajili ya wasikilizaji wa Lusaka, katika nchi iitwayo sasa Zambia. Redio hiyo iliundwa ndani ya sufuria ya alumini, na watu wakaiita Saucepan Special. Sauti ya mtangazaji ilisikika wazi, kwa kuwa maneno ya mtu hayahitaji mitetemo ya chini sana. Ngoma na gitaa la besi ni jambo jingine. Walakini sikio la binadamu lina hekima yake: spika ndogo ikiikosa sauti ya chini kabisa lakini ikazitoa zile za juu yake zifuatanazo nayo, sikio hujazia lenyewe pengo hilo. Kwa sababu hiyo mtu huweza kuufuata wimbo wa Les Wanyika, bendi iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1978, hata kwa simu ya mkononi. Gitaa la besi atalitambua, ila hatalisikia kifuani.

JINSI SANDUKU DOGO LILIVYOPATA HESHIMA

Zamani mtu aliyetaka sauti nzito alinunua spika kama kabati la nguo. Mwaka 1946, katika jimbo la Arkansas huko Marekani, Paul Klipsch alianzisha kampuni ya kutengeneza spika ya kuwekwa pembeni mwa chumba, ambayo kimo chake chazidi mita moja na robo. Ilitoa sauti kubwa kwa umeme mdogo sana, lakini ilihitaji nyumba kubwa na fedha nyingi.

Mwaka 1954 Edgar Villchur, mtu wa Marekani, alionyesha njia nyingine. Alikilegeza kiwambo, akaliziba sanduku pasiwe na mahali pa kupitisha hewa, na ile hewa iliyofungwa ndani ikawa ndiyo springi ya kukirudisha kiwambo. Sanduku dogo likatoa sauti nzito ambayo watu hawakuitazamia. Kisha santuri za stirio zikaanza kuuzwa kwa wingi mwaka 1958, na kila nyumba ikahitaji spika mbili badala ya moja. Watu wengi walioweza kuvumilia kabati moja sebuleni hawakuwa na nafasi ya makabati mawili, na sanduku dogo likashinda.

Katika miaka ya 1970 wahandisi wa BBC huko Uingereza waliunda spika ndogo iitwayo LS3/5A kwa ajili ya magari ya kutangazia nje ya studio, ambamo hamna nafasi. Kimo chake ni sentimeta 30 hivi, na kiwambo chake kikubwa hakifiki inchi tano. Walioununua mtindo huo kwa nyumba zao waliusifu kwa sauti za waimbaji, kana kwamba mwimbaji amesimama chumbani.

Lakini hakuna apataye kitu bure. Josef Anton Hofmann, mmoja wa watu watatu walioanzisha kampuni ya KLH mwaka 1957, aliliweka jambo hili katika kanuni ambayo mafundi wanaitumia mpaka leo. Mnunuzi hutaka mambo matatu: sanduku dogo, sauti nzito ya chini, na sauti kubwa kwa umeme mdogo. Aweza kupata mawili yoyote. La tatu lazima alikose. Spika ya BBC iliyotajwa, kwa wati moja, hutoa karibu desibeli 82 kwa umbali wa mita moja. Spika kubwa itoayo 92 kwa wati ile ile hutaka sehemu moja tu ya kumi ya umeme ili kufikia sauti sawa. Anunuaye spika ndogo kwa bei nafuu, basi, akumbuke kwamba huenda akailipia tofauti hiyo katika amplifaya.

CHUMBA NDICHO KIAMUACHO

Hata hapa, lile jambo moja ambalo pande zote mbili zimelisahau halijatajwa bado. Spika haichezi peke yake. Hucheza pamoja na chumba.

Uchukuliwe mfano wa ndugu wawili, ambao si watu fulani, bali ni mfano wa wengi. Mdogo ni karani katika ofisi ya mjini, naye amepanga chumba kimoja cha mawe huko Kangemi, futi kumi kwa futi kumi, kama vilivyo vyumba vingi vya mitaa ile na ya Kawangware. Mkubwa amejenga Uthiru, ana ng'ombe wawili wa maziwa, na sebule yake ni futi 18 kwa 24. Karani alijinyima miezi minane, akanunua spika mbili za kusimama, kila moja ina viwambo viwili vya inchi kumi. Dukani zilimpendeza mno. Alipozifikisha chumbani na kucheza muziki wa benga, sauti moja ya besi ilinguruma kila ilipopigwa, ikazifunika nyingine zote. Akapunguza sauti, ngurumo ikabaki. Akadhani ameuziwa kitu kibovu.

Spika hazikuwa na kosa. Katika chumba chenye upana wa futi kumi, sauti ya mitetemo 56 kwa sekunde hulingana kabisa na nafasi iliyo kati ya kuta mbili. Huenda na kurudi ikijiongeza, kama mtoto asukumwaye kwenye bembea kwa wakati wake barabara. Urefu wa chumba ukiwa sawa na upana wake, jambo hilo hutokea mara mbili mahali pamoja. Na uzi wa pili wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutetemeka mara 55. Kwa hiyo chumba cha futi kumi kwa kumi ni kama kimejengwa makusudi kuungurumisha uzi ule. Spika ndogo ambayo sauti yake huanza kufifia chini ya mitetemo 70 haiiamshi bembea hiyo sana, na ukuta ulio karibu nayo huiongezea besi kiasi cha kutosha.

Siku ya tatu mama mmoja jirani, ambaye ni muuguzi wa zamu ya usiku na hulala mchana, aligonga mlango.

"Hodi, mwanangu."

"Karibu, mama."

"Mimi sikatai muziki, mwanangu. Maneno ya nyimbo zako hata siyasikii. Nisikiacho ni ukuta. Vikombe vyangu vinagongana kabatini, na usiku nina wagonjwa wanaoningoja."

Maneno ya mama huyo yana elimu kubwa ndani yake. Sauti nyembamba huzuiwa na ukuta. Sauti nzito hupenya. Jirani hausikii wimbo, husikia mshindo tu, na mshindo usio na wimbo huchosha kuliko muziki wenyewe. Ndivyo ilivyo pia katika majumba ya ghorofa ya Kileleshwa, Kilimani na Westlands, ambako zege huchukua mtetemo toka sakafu moja hata nyingine. Serikali ya Kenya ilitoa kanuni za kelele mwaka 2009, na kwa makazi ya watu kipimo kisichopasa kuzidishwa nje ya nyumba ni desibeli 50 mchana na 35 usiku. Na usiku kwa kanuni hizo huanza baada ya saa mbili za jioni. Desibeli 35 ni kimya kikubwa, karibu na mnong'ono. Lakini hata pasipo sheria, ujirani una haki zake.

Wakati huo huo huko Uthiru kaka mkubwa alikuwa na shida iliyo kinyume. Alikuwa amenunua spika ndogo za kuweka juu ya kabati. Jioni alipokaa na mkewe zilitosha. Wageni walipokuja kwa ajili ya posa ya binti yake, watu thelathini wakizungumza, aliongeza sauti mpaka spika zikaanza kukwaruza, na moja ikanyamaza kabisa kwa kuungua waya wake. Sebule kubwa ina hewa nyingi ya kutikiswa, wasikilizaji hukaa mbali, na miili na makochi hunyonya sauti. Huko ndiko spika kubwa hupata kazi yake ya halali. Tena, mitetemo ilinganayo na kuta za sebule ile, yaani 31 na 23, iko chini ya uzi mnene wa gitaa la besi, kwa hiyo ngurumo ya namna ya Kangemi haipatikani kirahisi.

Ndugu hao walifanya yaliyo ya busara. Fundi aliitengeneza ile iliyoungua, kisha wakabadilishana. Karani alipoteza sifa ya kuwa na spika zifikazo kifuani. Alichopata ni kuzisikia nyuzi zote nne za besi, na salamu za mama muuguzi kila asubuhi.

MASIKIO YADANGANYWAVYO

Kwa nini karani hakuligundua jambo hili dukani? Kwanza, spika mbili zikilinganishwa, ile iliayo kwa nguvu zaidi kidogo huonekana kuwa bora, ijapokuwa si bora. Muuzaji alijuaye hilo aweza kuiuza aitakayo. Pili, mlango wa duka la Luthuli Avenue uko wazi, na kelele za barabara huifunika besi. Iliyozidi nyumbani huwa ya kiasi pale.

Tatu, vijana wengi wamejifunza besi ndani ya matatu. Matatu ni kasha dogo lililofungwa, na katika nafasi ndogo kama hiyo sauti nzito hujikusanya na kupanda zaidi kuliko nyumbani. Atakaye sebule yake ilie kama matatu ya Kawangware atatumia fedha nyingi, asiipate. Nne, wataalamu Fletcher na Munson wa maabara ya Bell walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio hupoteza sauti nzito kwanza sauti inapopunguzwa. Muziki uliojaa besi dukani utasikika mwembamba usiku nyumbani, na hilo si kosa la spika.

Wako pia waulizao kama hewa nyepesi ya Nairobi huipunguzia spika nguvu. Ni kweli kwamba hewa ya jiji hili, lililo juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,600, ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja katika saba. Lakini upungufu wa sauti utokanao na hayo haufiki desibeli mbili, na mtu apindishapo kitufe kidogo tu huufidia.

MASHAURI KWA MNUNUZI

Mwenye chumba kimoja na ajinunulie spika ndogo nzuri kuliko kubwa dhaifu kwa bei ile ile. Sanduku kubwa la mbao nyembamba hutetemeka lenyewe na kuchafua sauti. Aligonge kwa kidole, na likilia kama debe aliache. Aziweke mbali na pembe za chumba, kwenye kimo cha masikio ya aketiye, juu ya mawe mawili ya kujengea yaliyofunikwa kipande cha zulia. Umbali kati ya spika na spika uwe sawa na umbali wa kutoka kila spika hadi kwake. Asiketi na kisogo ukutani, maana hapo besi huzidi, wala katikati kabisa ya chumba, ambapo sauti ile ya mitetemo 56 hupotea.

Mwenye sebule pana, na aonaye kwamba wageni ni desturi ya nyumba yake, asiogope spika kubwa. Azipe nafasi nyuma, asizisukume ukutani. Akitaka njia ya katikati, aweza kununua spika ndogo pamoja na sabufa, yaani sanduku moja la sauti nzito peke yake. Chini ya mitetemo 80 hivi sikio halitambui kwa urahisi sauti yatoka upande gani, kwa hiyo sabufa yaweza kufichwa popote. Lakini ni yenyewe ipenyayo ukuta. Kitufe chake na kipunguzwe saa mbili ya usiku.

Wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa juu ya boksi zisimtishe mtu. Zikifuatwa na herufi PMPO, ni nguvu ya nukta ndogo mno ya wakati, na kila mtengenezaji huihesabu apendavyo. Aulize wati za RMS, ambazo ni za kazi ya kuendelea. Kama hazikuandikwa, atazame nyuma ya chombo idadi ya wati kivutazo katika umeme wa ukutani. Chombo kivutacho wati 60 hakiwezi kutoa 5,000 kwa muda wa wimbo mmoja. Debe tupu haliachi kutika.

Anunuaye spika iliyokwisha kutumika, kwa mfano ili acheze santuri za zamani zipatikanazo katika vibanda vya Kenyatta Market, achunguze ukingo unaokishika kiwambo. Ukingo wa sponji huoza baada ya miaka mingi hata kama spika haikuchezwa, ukibonyezwa hupukutika. Ukingo wa mpira hudumu zaidi. Fundi mzuri aweza kuubadilisha uliooza, kwa hiyo kasoro hiyo ni sababu ya kupunguziwa bei, si lazima iwe sababu ya kuondoka.

Mwisho, kabla ya kupanda matatu kuja mjini, mtu achukue kamba apime chumba chake, urefu na upana, aandike kwenye karatasi. Kisha abishe kwa jirani, amwulize hulala saa ngapi. Akiwa na hesabu hizo mbili mfukoni, atajua mapema ni mlango gani wa Luthuli Avenue wa kuingia, na ni upi wa kuupita.